Platinamu ya vioo vya simu: faida iko kwa mwenye hataza, si kwa mwenye mgodi

WAFANYABIASHARA wa simu kuanzia Somanga, Nangurukuru na Kilwa Masoko hadi Lindi mjini wanauza bidhaa ambayo sehemu yake ghali, yaani kioo, imebadilika sana katika miaka ya karibuni. Kioo cha OLED, ambacho zamani kilikuwa cha simu za bei kubwa tu, kiliingia kwenye iPhone mwaka 2017, kikashuka hadi Samsung za daraja la kati, na sasa kimo hata katika baadhi ya matoleo ya Tecno na Infinix ambayo mwananchi wa kawaida anaweza kuyanunua baada ya msimu mzuri wa ufuta au korosho.

Pamoja na kioo hicho yamekuja maneno mawili. La kwanza ni kwamba mwanga wake unatokana na madini ya jamii ya platinamu. Hilo ni kweli kwa sehemu kubwa. La pili ni kwamba, kwa kuwa dunia nzima inanunua simu, basi bei ya platinamu lazima ipande, na mwenye kuweka fedha zake humo au kwenye ardhi yenye madini ya jamii hiyo amekwisha tajirika. Hilo la pili halikubaliani na hesabu, na mwenye mtaji mdogo akiliamini anaweza kupoteza akiba ya misimu kadhaa.

Taarifa hii inaeleza platinamu inafanya kazi gani kwenye kioo, inatumika kiasi gani, nani anapata fedha, na mwenye duka wa ukanda huu afanye nini na mtaji wake.

MWANGA UNAVYOTOKA

Kioo cha zamani cha LCD kina taa nyuma yake. Kazi ya kioo chenyewe ni kuziba au kupitisha mwanga wa taa hiyo. Kioo cha OLED hakina taa ya nyuma. Kila nukta yake inawaka yenyewe umeme unapopita katika matabaka membamba ya kemikali zenye asili ya kaboni. Nukta nyeusi ni nukta iliyozimwa. Ndiyo maana simu ya OLED yenye picha nyeusi hutumia chaji kidogo, na weusi wake ni weusi kweli.

Tatizo lilikuwa kwenye upotevu. Umeme unapokutana ndani ya tabaka la mwanga, huzaa vifurushi vya nguvu. Kwa kanuni za fizikia, katika kila vifurushi vinne, kimoja tu ndicho kinachoweza kutoa mwanga mara moja katika kemikali ya kawaida. Vitatu vinavyobaki hupotea kwa joto. Ni sawa na mvuvi anayejaza matenga manne ya dagaa, akauza moja na kuacha matatu yaoze ufukweni. OLED ya kwanza yenye ufanisi wa kutosha, iliyotangazwa na Ching Tang na Steven VanSlyke wa kampuni ya Kodak mwaka 1987, ilikuwa na tatizo hilo.

Dawa ilipatikana mwaka 1998. Watafiti wa vyuo vikuu vya Princeton na Southern California nchini Marekani, wakiwemo Marc Baldo, Stephen Forrest na Mark Thompson, walichanganya katika tabaka la mwanga molekuli yenye atomu moja ya platinamu katikati, wakapata mwanga mwekundu. Atomu ya platinamu ni nzito mno, na uzito huo huvuruga mwendo wa elektroni kiasi cha kuvifungulia njia vile vifurushi vitatu vilivyokuwa vikipotea. Mwanga wa aina hii huitwa fosforesensi. Kwa njia hiyo, matenga yote manne yanaweza kufika sokoni.

Wavuvi wa dagaa wa pwani hii hawahitaji kuelezwa sana jambo hili, kwa kuwa karabai iliwahi kufanya kazi inayofanana nalo. Utambi wa karabai uliobuniwa na Carl Auer von Welsbach wa Austria mwishoni mwa karne ya 19 ulitengenezwa kwa asilimia 99 ya oksidi ya thoriamu na asilimia 1 tu ya oksidi ya seriamu. Ile asilimia moja ndiyo iliyoleta mwanga mweupe. Bila hiyo taa ilikuwa hafifu. Katika kioo cha OLED nako, molekuli zenye platinamu au iridiamu ni sehemu ndogo tu ya tabaka la mwanga, lakini bila hizo robo tatu ya kazi inapotea.

NIKELI YA NACHINGWEA HAIWAKI

Hapa ndipo baadhi ya watu huchanganya mambo. Mkoa wa Lindi una nikeli katika eneo la Ntaka Hill, wilayani Nachingwea. Katika jedwali la kikemia, nikeli, paladiamu na platinamu ziko safu moja, nikeli juu na platinamu chini. Ni ndugu wa tumbo moja, na duniani mara nyingi huchimbwa pamoja katika mwamba mmoja.

Hata hivyo, undugu huo haufanyi kazi kwenye kioo. Atomu ya nikeli ina uzito wa takriban 59, ya platinamu 195. Nikeli ni nyepesi mno kuweza kuvifungulia njia vifurushi vinavyopotea. Zaidi ya hapo, mpangilio wa elektroni zake unameza nguvu na kuigeuza joto kabla haijawa mwanga. Nikeli inatafutwa kwa ajili ya chuma kisichoshika kutu na betri, na hiyo ni biashara kubwa inayojitegemea. Lakini mtu anayeuza maneno kwamba nikeli ya Nachingwea itaingia kwenye vioo vya simu anauza mbuzi kwenye gunia.

PLATINAMU ILITANGULIA, IRIDIAMU IKAPITA

Jambo lingine ambalo wengi hawalifahamu ni kwamba, ingawa platinamu ndiyo iliyofungua njia, madini yaliyopata soko ni iridiamu. Mwaka 1999 kundi lile lile la watafiti lilionyesha molekuli ya iridiamu inayotoa mwanga wa kijani, na ikawa bora kwa sababu moja kubwa: kasi.

Molekuli ya kwanza ya platinamu ilikaa na nguvu yake kwa muda wa kiasi cha mikrosekunde 100 kabla ya kutoa mwanga. Iridiamu ilihitaji mikrosekunde moja hivi. Wasafiri wa zamani wa barabara ya kusini wanajua maana yake. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, magari ya Kilwa na Lindi yalisubiri pantoni pale Ndundu kwenye Mto Rufiji. Magari yakiwa machache, pantoni ilitosha. Yakizidi, foleni ilijaa, na bidhaa ziliharibika zikiwa njiani. Kioo kikiongezewa mwangaza, molekuli za platinamu zilifanya foleni hiyo hiyo. Vifurushi vya nguvu viligongana na kuuana kabla ya kuwaka. Iridiamu ikawa daraja.

Kwa sababu hiyo, rangi nyekundu na kijani kwenye vioo vya OLED vilivyo sokoni leo hutolewa na molekuli za iridiamu. Bluu imebaki ikitumia kemikali za zamani zenye upotevu, kwa kuwa mwanga wa bluu una nguvu kubwa inayovunja molekuli zenyewe. Bluu ya fosforesensi ilikuwa ikichakaa upesi mno kuweza kuuzwa.

Hapa platinamu imerudi kwenye mashindano. Kundi la Jian Li katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona na lile la Chi-Ming Che katika Chuo Kikuu cha Hong Kong yamekuwa yakitengeneza molekuli ambazo platinamu imefungwa pande nne kwa mkono mmoja wa kemikali usioachia kwa urahisi, mithili ya mzigo uliofungwa kamba moja pande zote badala ya vipande vya kamba. Molekuli hizo ni imara zaidi na rangi yake imenyooka zaidi. Mwaka 2022 watafiti wa Samsung na wenzao walichapisha katika jarida la Nature Photonics matokeo ya bluu yenye platinamu iliyodumu kuliko ilivyozoeleka.

Kwa upande wa viwanda, kampuni ya LG Display ya Korea Kusini ilitangaza Mei 2025 kwamba imethibitisha kwenye mitambo ya uzalishaji kioo chenye bluu ya fosforesensi, kikiwa na tabaka mbili, moja ya aina ya zamani na moja ya aina mpya, na kwamba kinatumia umeme pungufu kwa takriban asilimia 15 kikilinganishwa na vioo vya awali. Kwa mtumiaji wa kijiji kisicho na umeme wa uhakika, anayelipia kuchaji simu kwenye kibanda cha sola, asilimia hizo zina maana mfukoni.

HESABU YA GRAMU

Sasa lije swali la mwekezaji. Kioo kimoja kinahitaji platinamu kiasi gani?

Chukua simu yenye kioo cha eneo la sentimita 100 za mraba, ambacho ni kioo cha kawaida cha inchi sita na nusu hivi. Tabaka la mwanga lina unene wa kama nanometa 40, yaani ni jembamba kuliko unywele kwa zaidi ya mara elfu moja. Tabaka lote kwa eneo hilo lina uzito wa kama nusu ya miligramu. Molekuli zenye madini ni kama sehemu moja ya kumi ya tabaka hilo. Na ndani ya molekuli yenyewe, platinamu ni takriban robo ya uzito.

Jibu linakuja kiasi cha miligramu 0.013 kwa simu moja. Gramu moja ya platinamu ingetosha simu zaidi ya 75,000.

Ni kweli kwamba kiwandani kemikali nyingi hupotea kwenye kuta za mitambo. Basi hesabu izidishwe mara kumi ili mtu asidai kwamba imebanwa. Dunia inauza simu janja zipatazo bilioni 1.2 kwa mwaka. Kama zote, bila kubaki hata moja, zingekuwa na kioo cha OLED chenye platinamu, zingehitaji kilo zipatazo 160 kwa mwaka. Migodi ya dunia hutoa tani zipatazo 170 za platinamu kila mwaka. Hiyo ni chini ya kilo moja kwa kila tani. Runinga na kompyuta zikiongezwa na hesabu kuzidishwa mara tatu, bado ni chini ya kilo tatu kwa tani.

Kwa kulinganisha, mtungi wa kusafisha moshi kwenye eksozi ya gari moja la dizeli unaweza kubeba gramu kadhaa za platinamu. Gari moja tu linatosha kulingana na maelfu ya simu, hata upotevu wa kiwandani ukihesabiwa. Anayetaka kujua bei ya platinamu inaelekea wapi aangalie mauzo ya magari ya dizeli, vito vya China, na migodi ya Afrika Kusini ambayo hutoa takriban asilimia 70 ya platinamu yote inayochimbwa. Migodi hiyo ikikosa umeme, bei inasikia. Simu mpya ikitoka, bei haisikii.

Historia ya bei yenyewe inatisha kwa mwenye mtaji mdogo. Wakia moja ilipita dola 2,200 za Marekani mwezi Machi 2008. Machi 2020 ilianguka hadi karibu dola 600. Mwaka 2025 ilipanda tena na kuvuka dola 1,400. Aliyenunua kileleni mwaka 2008 kwa mkopo hakuwa na pumzi ya kusubiri.

Iridiamu ina habari tofauti kidogo. Dunia hupata tani saba au nane tu kwa mwaka, tena kama masalio ya uchimbaji wa platinamu, kwa hiyo upungufu mdogo huitikisa. Bei yake ilikuwa karibu dola 1,500 kwa wakia mwanzoni mwa 2020 na ikapita dola 6,000 mwaka 2021. Lakini soko lake ni la watu wachache, na mtu wa kawaida hana mahali pa kuinunua na kuiuza kwa uhakika.

NANI ANAKULA FAIDA

Kama mgodi haunufaiki, nani ananufaika? Jibu liko wazi katika vitabu vya hesabu vya kampuni ya Universal Display ya New Jersey, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1994 na ambayo hisa zake huuzwa katika soko la Nasdaq. Kampuni hiyo ilichukua haki za uvumbuzi wa Princeton na Southern California, ikaendelea kununua nyingine, zikiwemo za Fujifilm mwaka 2012 na za BASF mwaka 2016.

Mwaka 2024 mapato yake yalikuwa karibu dola milioni 648 na faida halisi karibu dola milioni 222. Kati ya mapato hayo, kiasi cha dola milioni 365 kilitokana na kuuza kemikali za mwanga, na dola milioni 267 hivi zilitokana na leseni na mrabaha, yaani fedha ya kuruhusu wengine kutumia hataza zake. Kemikali zenyewe hutengenezwa kwa mkataba na kampuni ya PPG. Universal Display haina mgodi. Inachouza ni ujuzi wa kuifunga atomu moja ya madini mazito ndani ya molekuli inayofaa.

Hata hivyo, hisa hizo nazo zina hatari zake. Kwanza, hataza hudumu miaka 20, na zile za mwanzo za miaka ya 1990 zimekwisha muda. Kampuni inaishi kwa kuandikisha mpya kila mara. Pili, ahadi huchelewa. Februari 2022 kampuni ilitangaza kwamba bluu yake ingeingia sokoni mwaka 2024, na mwaka huo ukapita bila bluu. Tatu, wapo washindani wasiotumia madini kabisa. Chihaya Adachi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kyushu, Japani, walionyesha mwaka 2012 kemikali zinazoweza kuokoa vile vifurushi vitatu bila platinamu wala iridiamu. Zikikomaa, leseni za madini zitapungua thamani.

Mwekezaji wa Tanzania anayefikiria hisa za nje akumbuke pia kwamba kupeleka fedha nje kuna sheria zake, na kwamba anayeuza dhamana kwa umma nchini anatakiwa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Mtu akija na kikundi cha kwenye simu akiuza "hisa za platinamu ya OLED" na kuahidi faida ya kila mwezi, swali la kwanza ni leseni yake iko wapi. Akianza kuzungumzia mambo mengine, jibu limekwisha patikana.

SOMO LA KILWA YA KALE

Jambo hili si geni katika pwani hii. Kilwa Kisiwani haikuwa na mgodi wa dhahabu hata mmoja. Dhahabu ilitoka katika nyanda za Zimbabwe, ikashuka hadi Sofala, na wafanyabiashara wa Kilwa wakashika njia ya Sofala. Katika karne ya 14, chini ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, mji ulijenga kasri la Husuni Kubwa na kupanua Msikiti Mkuu, na Ibn Battuta aliyefika mwaka 1331 aliusifu. Sarafu yenye jina la sultani huyo imepatikana Zimbabwe Kuu kwenyewe.

Nyanda hizo hizo leo zina machimbo ya platinamu. Mwamba uitwao Great Dyke, unaokatiza Zimbabwe kwa urefu wa takriban kilomita 550, unachimbwa platinamu katika migodi ya Ngezi, Unki na Mimosa. Mali inatoka nchi ile ile, lakini njia imehama. Zamani aliyeshika njia alikuwa mwenye bandari na jahazi. Leo katika biashara ya vioo, aliyeshika njia ni mwenye hataza na mwenye kiwanda.

Somo la pili ni chungu zaidi. Mwaka 1505 Wareno walipoiteka Kilwa na kutaka kuishika dhahabu ya Sofala, biashara ilikatika na mji ukadhoofika. Mwenye kutegemea njia peke yake huanguka njia ikibadilishwa.

NTAKA HILL NA GHARAMA YA LESENI

Ndani ya mkoa, wanaonunua hisa za kampuni za utafutaji madini wanayo pia kesi ya kujifunza. Leseni ya kuhodhi eneo la Ntaka Hill iliyokuwa chini ya kampuni ya Australia, Indiana Resources, na wenzake ilifutwa kufuatia mabadiliko ya sheria ya madini ya mwaka 2017. Kampuni ilikwenda kwenye usuluhishi wa kimataifa. Julai 2023 baraza liliamua Tanzania ilipe zaidi ya dola milioni 109 pamoja na riba, na Julai 2024 pande mbili zilikubaliana kumaliza shauri kwa dola milioni 90.

Katika miaka yote hiyo, mama lishe na mwenye nyumba ya wageni wa Nachingwea aliyeongeza vyumba akitegemea mgodi hakupata mgeni aliyemtarajia, na wala hakuwa mhusika wa kulipwa kwenye shauri hilo. Madini yakiwa ardhini si mali bado. Huwa mali yakiwa na leseni isiyo na mgogoro, barabara, umeme na mnunuzi.

DUKANI: KIOO KIPI KIWEKWE

Kwa mfanyabiashara wa kawaida, faida ya teknolojia hii iko kwenye kaunta yake mwenyewe, yaani katika vioo vya kubadilisha. Simu nyingi za OLED zinaweza kufungwa kioo cha OLED au kile cha bei nafuu cha LCD kilichoigizwa. Uamuzi wa mtaji ugawanywe vipi si mdogo.

Chukua mfano wa hesabu tu, si bei za soko. Mwenye duka ana sh. 1,800,000. Kioo cha LCD anakinunua sh. 60,000 na anapata faida ya sh. 15,000. Kioo cha OLED anakinunua sh. 180,000 na anapata faida ya sh. 40,000. Kwa fedha hiyo anapata LCD 30 au OLED 10. Vyote vikiuzwa salama, LCD zinaleta sh. 450,000 na OLED sh. 400,000, lakini OLED zinahitaji wateja 10 tu badala ya 30.

Sasa viwili vivunjike safarini kutoka Kariakoo. Kwa LCD, faida ya vioo 28 ni sh. 420,000, ukitoa hasara ya sh. 120,000 anabaki na sh. 300,000. Kwa OLED, faida ya vioo 8 ni sh. 320,000, na hasara ni sh. 360,000. Amekula mtaji sh. 40,000. Mali bila daftari huisha bila habari.

Na safari ya kusini si ya kuchezea. Mei 2024, mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi katika maeneo ya Kilwa, likiwemo la Somanga, na mizigo ikalala njiani.

OLED ina adui mwingine ambaye pwani haimkosi, nao ni unyevu. Kemikali za mwanga huharibika zikiguswa na maji au hewa, ndiyo maana kiwandani hufungwa kabisa. Kioo cha LCD kikipata ufa mara nyingi huendelea kuonyesha. Cha OLED kikipata ufa unaofika ndani, hewa ya chumvi huingia na doa jeusi huanza kusambaa. Hivyo:

Kwanza, mwenye duka asinunue OLED kwa jumla bila makubaliano ya maandishi ya kurudisha vilivyovunjika au vyenye doa.

Pili, kila kioo kijaribiwe mbele ya muuzaji kwa picha nyeupe tupu na kisha ya kijivu. Kwenye vioo vilivyotumika, alama za maandishi ya zamani zitaonekana. Hiyo ni dalili kwamba nukta, hasa za bluu, zimechakaa, na hakuna fundi anayeweza kuzirudisha.

Tatu, vihifadhiwe kwenye mifuko yake iliyofungwa, mbali na dirisha la upande wa bahari.

Nne, mteja aelezwe wazi anafungiwa kioo gani. Anayefungiwa LCD kwenye simu ya OLED ataona chaji inaisha upesi na weusi umekuwa kijivu. Akigundua mwenyewe, hatarudi, na mji kama Kilwa Masoko si mkubwa.

YA KUANGALIA

Mahitaji ya simu za bei ya kati katika ukanda huu hufuata kalenda ya shamba. Ufuta huvunwa kati ya Mei na Julai na kuuzwa kwa stakabadhi ghalani, ambako minada sasa huendeshwa kwa mtandao kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Korosho hufuata kuanzia Oktoba. Mwenye duka anayeagiza vioo vya OLED Machi, wakati fedha imekauka vijijini, anajifungia mtaji mwenyewe.

Kwa mwekezaji, dalili za kufuatilia ni tatu: simu ya kwanza itakayouzwa kwa wingi ikiwa na bluu ya fosforesensi, mapato ya leseni katika hesabu za robo mwaka za Universal Display, na maendeleo ya kemikali zisizo na madini. Bei ya platinamu haimo katika orodha hiyo. Anayetaka kununua platinamu ainunue kwa sababu za magari na vito, na kwa fedha ambayo haihitaji kwa ada ya shule ya Januari.